Mpangaji Asiye na Hati: Ngumi za Dar es Salaam na Kumbi Zake

Katika saluni za kunyoa za Kariakoo na Gerezani, ambako runinga haizimwi mchana kutwa, jina la mpiganaji Mrusi Khabib Nurmagomedov halihitaji maelezo. Alistaafu Oktoba 2020 akiwa ameshinda mapambano 29 bila kupoteza hata moja, na miaka miwili baadaye mwenzake wa kambi moja, Islam Makhachev, akautwaa mkanda uleule wa uzito mwepesi wa UFC kule Abu Dhabi. Kabla yao alikuwepo Fedor Emelianenko, bingwa wa uzito wa juu wa PRIDE nchini Japani tangu 2003, aliyekaa karibu miaka kumi bila kushindwa. Wanaobishana juu ya Warusi hawa hufika haraka kwenye majibu yaleyale: ni damu ya watu wa milimani, ni shida za utotoni, ni baridi, ni imani. Kwangu mimi majibu hayo hayaelezi kitu, maana milima, shida na imani viko kwetu pia. Kinachoeleza zaidi ni jambo dogo la nyumba. Baba yake Khabib, marehemu Abdulmanap, aliigeuza ghorofa ya chini ya nyumba ya familia huko Dagestani kuwa ukumbi wa mazoezi, akafundisha humo watoto wake na wa majirani. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya miongo mingi ya dola ya Kisovieti, iliyoutambua rasmi mchezo wa sambo mwaka 1938 na kujenga shule za mieleka hadi mikoa ya pembezoni. Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991 mishahara ilikatika, lakini kumbi zilibaki na makocha wakabaki ndani yake. Mtoto aliyeanza mieleka akiwa na miaka minane alimkuta kocha yuleyule, mahali palepale, akiwa na miaka kumi na minane. Kwa kipimo hicho hebu tuitazame historia ya ngumi za Dar es Salaam, hasa za katikati ya jiji na Kariakoo. Ni historia ya mchezo uliopata mabondia wakubwa mara kwa mara lakini haukupata kamwe mahali pake wenyewe. Ngumi za Dar zimekuwa mpangaji tangu siku ya kwanza, na ukitaka kujua kwa nini kizazi fulani cha mabondia kilikuwa bora au hafifu, uliza kwanza mwenye nyumba wa wakati huo alikuwa nani na alitaka nini.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa serikali ya kikoloni. Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka wake na mji wa Wahindi na Wazungu ulikuwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ulioachwa makusudi kutenganisha watu kwa rangi. Baada ya Vita vya Pili Kariakoo ilifurika. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ilibeba watu kuliko ilivyokusudiwa; vijana walitoka bara kutafuta kazi bandarini na hawakuipata; makuli wa bandari wakagoma mwaka 1939, wakagoma tena 1947, na mgomo wa 1950 ukaishia kwenye ghasia na risasi. Hapo ndipo maofisa wa ustawi wa jamii walipoanza kuhangaikia muda wa jioni wa kijana Mwafrika. Jumba la Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, lilitokana na fikra hiyo. Kote Afrika Mashariki maofisa hao waliipenda michezo ya ulingoni: haina gharama kubwa, haihitaji uwanja mpana, ina refa na kengele, na waliamini inamfundisha kijana kuzuia hasira. Vijana wengine waliujua mchezo wa ngumi kutoka jeshini, katika King's African Rifles, na polisi. Kwa hiyo tangu mwanzo ngumi ziliingia mjini kwa masharti ya mtu mwingine. Alizitaka zitulize mtaa. Bingwa akitokea ilikuwa bahati njema.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba watu wa pwani walifundishwa kupigana na Mwingereza. Makunduchi, Unguja, watu wamekuwa wakipambana kwa mabua ya migomba kila mwaka katika Mwaka Kogwa, na kirumbizi cha fimbo kinachezwa Zanzibar na Lamu kwa ngoma na zumari. Michezo hiyo ina kanuni, ina waamuzi wake wazee, na ina mipaka ya hasira. Tofauti ni kwamba kirumbizi kina wenyewe. Kijiji kinakimiliki, harusi inakihitaji, hakuna anayeweza kukifungia mlango. Ngumi za mjini zilikosa umiliki huo, na naona kukosa huko ndiko kulikotufikisha tulipo.

Baada ya uhuru mwenye nyumba alibadilika, na lazima isemwe wazi kwamba alikuwa mwenye nyumba mwema kuliko wote. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na mchezo ukawa jukumu la umma. Mabondia walikusanywa katika vyombo vya ulinzi, yaani JWTZ, JKT, Polisi na Magereza, na katika mashirika ya umma kama Reli na Bandari. Faida yake kubwa haikuwa fedha, maana fedha ilikuwa haba. Faida ilikuwa muda. Bondia alikuwa na ajira, chakula na cheo, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha. Kocha naye alikuwa mwajiriwa. Kijana aliweza kukaa miaka mitano katika ngumi za ridhaa akirekebishwa makosa yaleyale: kisigino kilichoganda sakafuni, mkono wa kulia unaoshuka kila konde la kushoto linapotoka, kidevu kinachoinuka anapochoka. Mambo hayo hayarekebishwi kwa miezi miwili ya kuandaa pambano.

Matunda yalionekana mapema. Julai 1970 jijini Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati. Aliyekutana naye alikuwa John Conteh, kijana wa Liverpool mwenye umri wa miaka 19, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Simba alishindwa, akarudi na medali ya fedha, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya Tanzania katika michezo hiyo. Watu wengi humtaja Filbert Bayi na mbio zake za Christchurch za 1974 kana kwamba ndiye aliyefungua njia. Bayi ni mkubwa kwa haki yake, lakini mlango ulifunguliwa na bondia.

Mwenye nyumba mwema bado ni mwenye nyumba, na anaweza kufunga mlango kwa sababu zisizomhusu mpangaji. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ulikuwa wa haki, na sioni sababu ya kuujutia. Ila bondia aliyekuwa kwenye kilele chake mwaka huo hakupata mwaka mwingine. Miaka minne baadaye siasa ilirudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii ilimleta Dar es Salaam bondia maarufu kuliko wote duniani. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuivamia Afghanistan, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Umati ulimshangilia. Nyerere alikataa kuonana naye: taifa kutumiwa mwanamichezo badala ya mwanadiplomasia ilikuwa dharau. Waandishi wa hapa wakamwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, na ikaonekana dhahiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hiyo kabla ya kutumwa. Kenya ikasusia, Tanzania ikaenda Moscow. Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha za riadha. Mabondia walirudi mikono mitupu, lakini walikuwa wamepanda ulingo wa Olimpiki, na mmoja wao, Emmanuel Mlundwa, alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa ngumi za kulipwa nchini. Ni katika ulingo huohuo wa Moscow ambapo Mganda John Mugabi alifika fainali na kupata medali ya fedha. Kampala ilikuwa imetoka kwenye vita na uharibifu, lakini kumbi za mitaa kama Naguru hazikuacha kufundisha, na Uganda ikaendelea kutoa mabondia wakati uchumi wake umelala chini.

Hapa panahitaji neno la pembeni kuhusu Zanaki. Mwaka 1973 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha karate ya Goju-ryu katika shule ya Zanaki, si mbali na Mnazi Mmoja, mahali palipoitwa Hekalu la Kujilinda. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya mwisho aliyoikamilisha Bruce Lee, na majumba ya sinema ya katikati ya jiji, Empire, Empress, Avalon na Odeon, yalikuwa yanajaza vijana waliotaka kurusha mateke. Shauku ya sinema ilipita. Mlolongo wa Zanaki haukukatika. Mwanafunzi wa karate anajua alifundishwa na nani, na mwalimu wake alifundishwa na nani, mpaka Okinawa. Hilo lilidumu kwa sababu shule ilitoa mahali na mchezo wenyewe una desturi ya kutunza nasaba ya walimu. Ngumi hazina mikanda ya rangi wala viapo. Zikipoteza ukumbi, zimepoteza na kumbukumbu.

Mwenye nyumba wa tatu alikuja na miaka ya 1980 na 1990: baa, ukumbi wa starehe na promota. Mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa, na timu zake za michezo zilikuwa gharama ya kwanza kukatwa. Mapambano yakahamia kumbi za DDC, Relwe Gerezani, Diamond Jubilee pale Upanga, na sehemu za bia za Ilala na Manzese. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo aliyetaka kuona ngumi alilipa kiingilio na kukaa kwenye kiti cha plastiki mita chache kutoka kwenye jasho. Hizo zilikuwa siku za Rashid Matumla, Snake Man, aliyepigana Olimpiki kabla ya kuingia kwenye ngumi za kulipwa na kuutwaa mkanda wa dunia wa WBU. Pamoja na nduguze waliopanda ulingoni, na baadaye mwanawe Mohamed, akina Matumla walifanya kile alichofanya mzee wa Dagestani: walimiliki ufundi kwa njia pekee iliyobaki, ndani ya ukoo. Na mwaka 1998 kule Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya uzito wa bantam katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Magazeti yaliiandika kama mwanzo mpya. Nikiitazama leo naiona kama mavuno ya shamba ambalo mashirika na majeshi yalikuwa yamelilima zamani, na ambalo halikuwa likipandwa tena. Medali nyingine ya ngumi katika michezo hiyo ilichukua miaka 24 kupatikana.

Kilichotokea katikati kinaeleweka ukikumbuka maslahi ya promota. Yeye hulipa ukumbi kwa usiku mmoja. Anahitaji watu wajae Jumamosi hii. Hahitaji kijana awe bora baada ya miaka sita. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kurusha makonde kwa mwaka mmoja anavushwa kutoka ridhaa kwenda kulipwa, anapewa mpinzani wa kumwangusha mara tatu nne, kisha anapelekwa nje kuwa mpinzani wa kuangushwa na mtu mwingine. Vyama vikagawanyika: PST, TPBC, TPBO, kila kimoja na mikanda yake, na bondia aliyefungiwa huku akipata kibali kule. Upande wa ridhaa heshima iliporomoka, hasa mwaka 2008 pale baadhi ya watu katika msafara wa mabondia wa taifa walipokamatwa Mauritius na dawa za kulevya. Na mtaa wenyewe ulibadilika. Kariakoo ya leo ni ya ghorofa za maduka zilizosimama pale palipokuwa na nyumba za vyumba sita. Uani ambapo begi moja la turubai lililojazwa matambara lingetosha vijana sita, wakibadilishana jozi mbili za glovu na kufua bendeji zilezile kila jioni, sasa ni stoo ya viatu kutoka Guangzhou. Bei ya mita moja ya mraba haimvumilii mtu anayeruka kamba.

Yapo mabishano matatu mazito dhidi ya hoja hii, na yanastahili kujibiwa. La kwanza linasema mabingwa wa karne hii hawakutoka Dar kabisa. Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams Agosti 2013 na kutwaa mkanda wa WBF; Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 kwa taarifa fupi na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, matokeo yaliyowaacha Waingereza midomo wazi. Ni kweli, na nafurahi ni kweli. Lakini angalia wapi ni rahisi zaidi mazoezi kupata mahali: mji ambao uwanja wa shule bado upo na kodi ya chumba haijapaa, au mtaa ambao kila hatua ina duka. Morogoro na Tanga hazivunji hoja ya mahali, zinaithibitisha. Na Cheka alilazimika kuja Diamond Jubilee kupigania mkanda wake, maana soko la ngumi liko Dar. Jiji limebaki na ulingo wa kuuzia na kupoteza mahali pa kulelea.

Pingamizi la pili ni la fedha: Warusi wana mafuta, sisi tuna nini? Anayesema hivyo amesahau kwamba kizazi cha Khabib kilianza mazoezi katika miaka ya 1990, wakati Urusi ilikuwa imefilisika, na kwamba Mkenya Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, ya kwanza ya ngumi kwa Kenya, bila kisima cha mafuta. Medali ya Edinburgh ilipatikana nchi yetu ikiwa maskini kuliko ilivyo sasa. Tena fedha leo ipo kuliko zamani. Azam TV imeingia kwenye ngumi, mapambano yanaonekana sebuleni, mabondia wa juu wanalipwa kiasi ambacho Titus Simba hakukiota, na tangu kuundwa kwa kamisheni moja ya ngumi za kulipwa chini ya macho ya Baraza la Michezo la Taifa vurugu za vyama zimepungua. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo fedha inaingia kwenye usiku wa pambano na inaishia hapo. Haimfikii anayefundisha watoto saa kumi na moja jioni kwenye ukumbi wa chama tawala alioazimwa, ambao kesho unaweza kuwa na mkutano au harusi.

La tatu ni la wazazi, na ndilo naliheshimu zaidi: kwa nini tujenge mahali pa kufundisha watoto kupigwa kichwani? Hatari ni ya kweli na mtu asiipambe. Lakini vijana wa Dar wanapigana sasa hivi, na wataendelea, kwa sababu pambano la utangulizi linalipa zaidi ya siku tatu za kubeba mizigo Shimoni, sokoni Kariakoo. Swali ni kama watapanda ulingoni wakiwa wamejifunza kujikinga. Anayeumia vibaya mara nyingi ni yule aliyekosa kocha wa kudumu: hakuna anayejua kwamba aliangushwa mazoezini wiki iliyopita, hakuna mwenye ubavu wa kumwambia promota kwamba huyu hapigani mwezi huu. Kocha mwenye ukumbi wake anaweza kukataa. Kocha anayeazima ukumbi kwa hisani ya mtu hukubali.

Linganisha na soka, iliyozaliwa mitaa hiihii. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilianza na vijana wasio na kitu, lakini wanachama walichanga wakapata majengo, moja Jangwani na jingine Msimbazi, na majengo hayo yaliwavusha kwenye migogoro, kushuka kwa viwango na viongozi wabovu. Klabu ilipoyumba, nyumba ilibaki, na watu walikuwa na mahali pa kurudi kugombana na kupatana. Hakuna klabu ya ngumi ya Dar es Salaam yenye jambo kama hilo. Mwaka 2022 huko Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba mbili, na ukame wa tangu Yombayomba ukakatika. Mkono wa kwanza wa kupongezwa ni wa majeshi, yaliyoendelea kuajiri mabondia wa ridhaa wakati wengine wote wamejitoa. Lakini jeshi huchukua kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima. Aliyempa mkao wa miguu akiwa na miaka kumi ni mtu mwingine, na huyo bado anapanga. Kiwanja kimoja Ilala au Gerezani, chenye hati kwa jina la klabu ya ngumi na paa la mabati juu yake, ni gharama ndogo kuliko maandalizi ya usiku mmoja wa mkanda wa dunia, na Halmashauri ya Jiji, wapromota na televisheni wanaovuna kwenye mchezo huu wana uwezo wa kukilipia mwaka huu.